Dubu havai sweta

Dubu havai sweta. Hajifungi skafu shingoni, hanywi chai kwenye kikombe chenye maua, wala hakai mbele ya moto na wanawe theluji ikianguka nje. Naanza na maneno haya kwa sababu vitabu vya watoto vinavyotufikia huku Pemba, vile vya msaada vyenye picha za kupendeza, ndivyo vinavyowasimulia watoto wetu habari za wanyama wa nchi za baridi. Vina mashairi mafupi, vina vinalingana, picha zinachekesha, na mtoto akifunga kitabu hajajua hata jambo moja la kweli kuhusu dubu.

Mtoto aliyezaliwa Norway anajua kuwa sweta la dubu ni mzaha. Baridi anaiona dirishani kila mwaka. Mtoto wa Wete hana pa kupimia. Baridi anayoijua yeye ni ya kipupwe, mwezi wa Julai, usiku joto likishuka likakaribia nyuzi 20 na bibi yake akatoa shuka la pili sandukuni. Ukimwambia dubu anavaa sweta, analipokea kama anavyopokea kuwa Unguja iko kusini ya Pemba. Mimi naona tunamdhulumu, maana jinsi wanyama wanavyoivuka baridi ya kweli kunashangaza kuliko sweta lolote, na shairi la mtoto lina nafasi ya kubeba ukweli huo.

Ndiyo nikaanza kuwatungia mwenyewe. Nimefundisha darasa la tatu na la nne miaka mingi katika skuli za huku Kaskazini Pemba, sasa nimestaafu, na kila Alhamisi, ambapo chuo cha Kurani kinafungwa, watoto wa mtaani kwetu hukusanyika barazani kwangu baada ya alasiri. Tunasoma, tunategeana vitendawili, tunahesabu mizani, yaani silabi za shairi, kwa vidole. Tangu kusi ilipokatika, kazi yetu imekuwa wanyama wa baridi.

Wa kwanza alikuwa chura. Kuna chura mdogo wa misitu ya Alaska na Canada, urefu wake haupiti kidole cha mtu mzima. Baridi ikiingia hachimbi shimo refu wala hazami ziwani. Anajikunyata chini ya majani makavu yaliyoanguka, na baridi inamkuta hapo hapo. Anaganda. Sisemi anatetemeka, anaganda kweli, hadi kiasi cha theluthi mbili ya maji yaliyomo mwilini mwake yanageuka barafu. Pumzi zinakoma, moyo unasimama. Ukimgonga kwa kijiti analia ko, ko. Anakaa hivyo mpaka joto lirudi, kisha anayeyuka, moyo unaanza kupiga tena, na baada ya muda anaruka zake kwenda dimbwini kutafuta mwenzake.

Nilipowaeleza hivyo baraza zima lilinyamaza. Kisha mtoto mmoja wa kike, mwanafunzi mzuri sana wa chuoni, akasema kwa adabu, "Mwalimu, lakini kufufua wafu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake." Nikamwambia kweli kabisa, na huyu chura hakufa. Amepewa njia ya kutokufa, na njia yenyewe ni sukari.

Hapo nikamwita jirani yangu anayeuza barafu za ukwaju kwa vifuko. Tulikuwa tumeshapanga naye: usiku ule atie kwenye friza kifuko kimoja cha maji matupu, na kimoja cha ukwaju aliouzidishia sukari maradufu ya kawaida yake. Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya watu kwenda kuoga na kuvaa kwa ajili ya msikitini, watoto walikuwa wameshajazana mlangoni kwake. Kifuko cha maji kilikuwa kigumu cha kuvunjia nazi. Kile cha sukari kilikuwa kimeshika juu juu, ukikiminya kinabonyea, na ndani ni uji wa barafu. "Ndiyo maana mie sukari naipima," jirani akawaambia watoto, "ikizidi haishiki, na wateja wanasema nimewauzia togwa." Akawaeleza pia kuhusu chupa yake ya kioo aliyoijaza maji pomoni, akaifunga kifuniko, akaisahau ndani ya friza, akaikuta imepasuka, kwa kuwa maji yakiganda yanatanuka.

Mambo hayo mawili ndiyo habari yote ya chura. Barafu ikijitengeneza ndani ya chembe ndogo za mwili, zile tunazoziita seli, zinapasuka kama ile chupa na kiumbe kinakufa. Kwa hiyo chura akishaanza kuguswa na barafu kwenye ngozi, ini lake linamwaga sukari kwenye damu, na damu inaipeleka kila mahali kabla moyo haujasimama. Barafu inabaki nje ya seli, katika nafasi zilizo baina yake. Ndani ya seli sukari inayazuia maji yasigande, na inayashikilia yasitoke yote.

"Bibi yangu sukari ikipanda analazwa," akasema mtoto mwengine. Ni sukari ile ile, ndiyo, ile iliyo katika damu yetu sote, na kiasi anachokibeba chura wakati ule kingemuua mtu. Mtoto akalifikiri hilo kwa muda mrefu. Nafurahi aliuliza, maana mimi mwenyewe nisingefika huko.

Basi tukatunga. Nilichagua utenzi, kwa kuwa kipande cha mizani nane mtoto anakimaliza kwa pumzi moja, na kwa kuwa utenzi kwetu ndio chombo cha kusimulia. Huu ndio uliotoka:

Yuko chura nchi mbali,
Baridi kwake ni kali,
Hahami, hana badali,
Hulala majani chini.

Barafu ikimwandama,
Moyo wake husimama,
Pumzi nazo hukoma,
Akawa jiwe yakini.

Ini lake lina siri,
Hutoa nyingi sukari,
Ikamlinda na shari,
Ikaenea mwilini.

Jua jipya likiwaka,
Theluji ikayeyuka,
Naye chura huamka,
Akarukia majini.

Kipande cha mwisho cha ubeti wa pili ndicho kilichotuchelewesha. Mvulana mmoja alileta "Akafa huko majani." Hesabu mwenyewe: mizani nane, haikupungua wala haikuzidi, na kina ni kile kile cha "ni". Watoto walimpigia makofi. Nikawauliza, je, chura amekufa? Wakasema hapana. Basi je, tuandike kuwa amekufa kwa sababu tu mizani imekaa vizuri? Ulikuwa mjadala mkali kuliko niliowahi kuusikia darasani. Wapo waliosema shairi lina ruhusa yake, na washairi wakubwa hukata maneno na kuyageuza watakavyo. Kweli, washairi wana ruhusa ya kukata neno. Nikawaambia mimi ruhusa ya kumuua chura aliye hai siitambui. Mvulana mwenyewe ndiye aliyekuja na "jiwe", na "yakini" tukaitafuta pamoja.

Ndivyo navyotaka mashairi ya viumbe kwa watoto yatungwe. Mizani na vina vinambana mtunzi, na akibanwa atatafuta pa kutokea. Ama atatoka kwa uongo mtamu, ama atarudi kumtazama tena yule mnyama mpaka apate neno la kweli lenye sauti anayoihitaji. Kwa chura ilituchukua jioni nzima, na jioni ile watoto walijifunza mengi zaidi ya vile ningewaandikia ubaoni.

Dubu hatukukaa naye sana. Watoto walichokipenda kwake ni kimoja: dubu mweusi wa Marekani ya Kaskazini hulala miezi kadhaa, na muda wote huo hali, hanywi, na hendi msalani, haja ndogo wala kubwa. Mapigo ya moyo yanashuka mpaka kama 8 au 10 kwa dakika. Jike huzaa humo humo shimoni katikati ya baridi na kunyonyesha. Tulijaribu ubeti wa msalani na kila mmoja alicheka mpaka machozi. Sitauweka hapa, lakini wazazi wa mtaani wanaujua, maana umeimbwa majumbani kote.

Kilichonigharimu kueleza ni kwa nini baridi ni hatari. Watoto wote walidhani, na vitabu vya masweta vinawaambia hivyo, kuwa mnyama anaumizwa na ubaridi wenyewe. Kwa wengi wao adui mkubwa ni njaa. Mnyama mwenye manyoya mazuri na tumbo lililoshiba anaweza kuvumilia baridi ambayo mimi na wewe tungekufa nayo. Lakini baridi imeua wadudu au imewaficha, majani yamepukutika, maji yamekuwa mawe, na mchana umefupika. Kuna ndege mdogo wa misitu ya Ulaya mwenye uzito wa gramu 5 au 6 tu. Anakula mchana kutwa bila kupumzika ili apate mafuta ya kuuchoma usiku mmoja, na usiku anabanana na wenzake tawini. Akikosa chakula siku moja, asubuhi ya pili haioni.

Huo mchana mfupi ndio uliowashinda watoto. Pemba tuko karibu na mstari wa ikweta, kiasi cha nyuzi tano tu kusini yake, na jua letu linachomoza na kuchwa kwa saa zile zile takriban mwaka mzima. Nikampigia simu binti wa dada yangu anayeishi Copenhagen, nikaweka sauti ya nje, nikawaambia watoto wamuulize mwezi wa Disemba Magharibi inaingia saa ngapi kwake. "Saa tisa na dakika arubaini hivi," akasema. Mtoto mmoja alidhani simu inakatika, akamtaka arudie. Saa tisa na dakika arubaini! Sisi wakati huo tunaisubiri Alasiri ipoe. Naye alfajiri inamkuta yuko kazini karibu. Na kule Tromsø, mbali zaidi kaskazini, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari. Kwa mtoto anayejua nyakati zake tano, hakuna ramani wala tufe ambalo lingemweleza vizuri zaidi. Papo hapo wakaanza kumhesabia yule ndege wa gramu sita saa zake za kula.

Kutoka njaa tukafika pwani, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Maji yakipwa upande wetu wa Wete, matope yanafunuka mbele ya mikoko mbali kweli, hasa siku za bamvua. Kuanzia Agosti au Septemba mpaka mwezi wa Aprili, matope hayo yamejaa wageni. Wapo vitwitwi wadogo wanaokimbia kwa makundi ukingoni mwa maji. Yupo sululu, mkubwa, wa rangi ya udongo, mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini. Watu wa mwani wanawaona kila siku na wamewazoea kama kuku. Nilipowaambia watoto kuwa hao ndio wanyama wa baridi wanaosomwa vitabuni, hawakuniamini. Walikuwa wakidhani habari za baridi ni za watu wa mbali.

Tulikwenda kuwatazama asubuhi moja ya Jumamosi, pamoja na wazazi wawili. Tukakaa juu ya ngalawa iliyopandishwa, tukanyamaza. Sululu alikuja karibu kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anatembea polepole, kichwa kimeinama upande, halafu akatumbukiza ule mdomo kwenye tundu la kaa mpaka karibu na macho. Mdomo uliingia kwa mpindo ule ule wa tundu. Akamtoa kaa mdogo, wale wenye gando moja kubwa, akamtikisa kwa nguvu mpaka gando likaruka upande, likafuata miguu miwili mitatu, akenda naye kwenye dimbwi la maji, akamsuuza tope, akammeza. Mtoto mmoja akanong'ona, "Kamuosha!" Na kweli alimuosha.

Sululu hao wanazaliana kaskazini ya Ulaya na Urusi, kwenye nyanda na vinamasi ambako wakati wa joto kuna wadudu na matunda madogo ya porini, na wakati wa baridi hakuna kitu. Miongoni mwa vitwitwi wetu wapo wa aina inayozaliwa juu kabisa, Siberia, wenye uzito wa gramu 60 hivi. Hao ndio walionifanya nisilale. Wazazi wao huondoka kwanza. Makinda yaliyototolewa mwezi wa Juni au Julai yanabaki nyuma, yanajilisha, yanajifunza kuruka, kisha yanaanza safari ya kuja Afrika bila mkubwa hata mmoja wa kuwaongoza. Kinda ambalo halijawahi kuona bahari ya joto linaruka kutoka Siberia mpaka pwani za Afrika. Watoto waliuliza nani kawaonesha njia. Nikawaambia wamezaliwa nayo, na kwamba wataalamu wamegundua ndege wa safari huongozwa na jua, na nyota, na ile nguvu ya dunia inayovuta sindano ya dira. Nahodha mstaafu aliyekuwa anatusikiliza kwa pembeni akaitikia nyota kwa kichwa.

Kwa sululu tulitumia tarbia, maana mgeni mkubwa anastahili mistari mirefu:

Sululu kashuka pwani, toka nchi za theluji,
Matope kule nyumbani, yaganda pamwe na maji,
Mdudu haonekani, njaa ndiyo mwendeshaji,
Karibu Pemba mgeni, pata yako mahitaji.

"Njaa ndiyo mwendeshaji" ni ya watoto, wala sikuwasaidia. Kituo, ule mstari wa mwisho, tukakiacha hivyo kwa beti zote zitakazofuata, kwa kuwa watoto walikipenda na kwa kuwa ni kweli: hawa ndege wanaokoka baridi kwa sababu matope yetu yana kaa. Mikoko ikikatwa, tope likifukiwa, ndege aliyetoka Urusi atafika na hatapata chakula.

Na wazungu wenyewe walichukua karne nyingi kuyajua haya. Mwaka 1555 msomi mmoja wa Sweden, Olaus Magnus, alichapisha kitabu chenye picha ya wavuvi wakiwavua mbayuwayu kwa wavu, kwa kuwa watu waliamini mbayuwayu hupitisha baridi wamelala chini ya maji. Kisha mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani, alionekana korongo mweupe aliyerudi kutoka safarini akiwa na mkuki umempenya shingo. Mkuki ulikuwa wa Afrika. Mtu wa bara letu alimrushia, hakumpata sawasawa, na ndege akaruka nao mpaka Ujerumani. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake shingoni. Watoto walimuonea huruma korongo, nami pia, lakini naona fahari kidogo kwamba jibu la swali la wazungu lilitoka kwetu.

Nyuki niwataje kwa kifupi, ingawa wanastahili utenzi mzima. Nyuki wa nchi za baridi hawalali. Wanajikusanya mzingani wakawa donge moja, malkia katikati, na wanatetemesha misuli ya mbawa bila kupiga mbawa zenyewe. Mtetemo huo unatoa joto, na katikati ya donge linaweza kupita nyuzi 30, yaani mchana wa Pemba wakati wa kaskazi, nje theluji imefunika mzinga. Wa pembeni wanaingia ndani, wa ndani wanatoka pembeni, na chakula chao ni ile asali waliyoiweka. Ubeti wake bado haujanikalia. Kila nikiandika "wanatetemeka" msikilizaji anadhani wanateseka, na wao wako kazini.

Nilitaka watoto waone pia kuwa kulala ili kuvuka wakati mgumu si mambo ya theluji tu. Kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari, mtoto mmoja aliniletea konokono mkubwa aliyemkuta kwenye shina la mkarafuu. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa kwa utando mweupe, mkavu, mgumu kidogo kama ganda la yai. Alikuwa amekusudia kuutoboa aone kama yumo. Nikamzuia. Utando ule anautengeneza konokono mwenyewe ili maji ya mwilini yasikauke, na nyuma yake amejikunja analala miezi mpaka mvua zije. Tukamweka kwenye kivuli karibu na mtungi, tukawa tunamnyunyizia maji. Haikuwa mara moja. Lakini ilifika jioni utando ukalegea, ukasukumwa upande, pembe zikatoka, na watoto wakaja kuniita kama kwamba nyumba inaungua. Aliyemleta alitaka apewe ubeti ndani ya utenzi wa chura, kwa hoja kwamba wote wawili wana siri moja ya kungoja. Nimekubali. Nauandika.

Sasa niko kwa sungura wa theluji, na huyu ananipa shida ya aina nyengine. Huko kaskazini ya Marekani yupo sungura ambaye wakati wa joto ni wa kahawia, na baridi ikikaribia manyoya yanabadilika kuwa meupe, ili mwewe, mbweha na wengine wanaomuwinda wasimwone juu ya theluji. Kinachoyabadilisha manyoya ni urefu wa mchana. Mchana ukifupika, mwili unaanza kazi, theluji iwepo isiwepo. Na siku hizi dunia imepata joto, theluji inachelewa kuanguka na inawahi kuyeyuka. Sungura anasimama mweupe pe juu ya majani ya kahawia, na anayemtafuta anamwona kutoka mbali. Hata hivyo haonekani kubadilisha mwenendo wake, wala kutafuta pahala pengine pa kujificha.

Nilijiuliza kama hilo ni la kuwaambia watoto wa miaka minane. Nikaona ni lazima, kwa sababu nimewaahidi kweli, na kwa sababu watoto wa pwani wanaoona bahari ikila ufuko wao hawahitaji kufichwa kuwa dunia inapata joto. Nikatunga beti mbili:

Siku zinapofupika,
Manyoya hubadilika,
Weupe humfunika,
Asionwe na adui.

Theluji ikichelewa,
Weupe ameshapewa,
Mbali akatambuliwa,
Kujificha hakujui.

Alhamisi iliyopita nikawasomea. Ubeti wa pili ulizua vurugu. Watoto wetu wamelelewa na ngano za Sungura, mjanja wa fisi na simba, asiyeshindwa na yeyote. Hawakukubali kabisa kuwa Sungura anaweza kukosa pa kujificha. "Si ajigaragaze kwenye tope, Mwalimu?" akauliza yule yule mvulana wa "Akafa huko majani." Nikamweleza kuwa huyu si Sungura wa hadithi, ni mnyama wa nyama na damu, na hajui kuwa amekuwa mweupe. Hana kioo. Akaniuliza basi nani wa kumwambia.

Sikuwa na jibu la mizani nane. Amepewa ubeti wa tatu auandike mwenyewe, kwa sharti moja: sungura asiambiwe na mtu, kwa kuwa hakuna anayemwambia. Ameshaniletea vipande viwili, vyote mizani tisa, na amerudi navyo nyumbani kuvipunguza.